Mshumaa Katika Mkono wa Kushoto

Juu ya kitanda cha wazazi wangu ilitundikwa picha ya mtu anayekufa. Wageni walioiona mara ya kwanza walimpa mama pole. Mama aliwaeleza kwamba anayekufa ni Bikira Maria, kwamba mambo hayo yalishapita zamani, na kwamba pole zao zimepokelewa hata hivyo.

Ilikuwa picha ndogo, ukubwa wa daftari la shule, wino mweusi juu ya karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Bikira amelala kwenye kitanda chenye mapazia, na Mitume wamembana pande zote kama ndugu waliosikia habari wakaja bila kupanga nani akae wapi. Ameshika mshumaa kwa mkono wa kulia. Petro, aliyevalishwa kama askofu, ameinua mkono wa kulia na anamnyunyizia maji ya baraka. Mtume mmoja anasoma kitabu akiwa na miwani, jambo lililomfurahisha sana mama tangu macho yake yalipoanza kumsumbua. Mwingine amejaza mashavu anapuliza makaa ya chetezo. Mama alisema huyo anawasha mbabula, jiko letu la makaa, ili watu wapate chai, kwa kuwa hakuna kilio bila chai. Alikijua chetezo vizuri sana, amekiona kila Jumapili ya maisha yake. Ila alipendelea mbabula.

Picha hiyo alipewa na padri mmoja mzee, Mjerumani, aliyemfundisha katekisimu upande wa Sandoa. Padri alipokuwa anarudi kwao kuzeeka aligawa vitu vyake. Mtu mmoja alipata redio, mwingine akapata baiskeli, mama akapata kifo cha Bikira. Padri alimweleza kwamba mchoro huo ni wa watu wa kwao, wa zamani mno, na kwamba walikuwa wanakwaruza bamba la shaba kwa chuma, wanajaza wino mle kwenye mikwaruzo, halafu wanagandamiza karatasi juu yake. Mama akauliza kama hiyo shaba ilitoka Katanga. Padri akasema hapana. Mama hajaridhika na jibu hilo mpaka leo.

Kila asubuhi alisali mbele ya picha hiyo akiwa na mshumaa mkononi, mkono wa kulia, kama Bikira. Nta ilimdondokea kwenye vidole na kwenye kitenge, kwa sababu mkono wake wa kulia hauna nguvu wala akili. Mama ni mtu wa kushoto.

Hilo si jambo dogo kwetu. Kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana bila kufungua mdomo. Shuleni masista walimfunga mkono huo kwa kitambaa kwenye mguu wa dawati. Alipoolewa na baba, ambaye ukoo wake ulitoka Kasai na kuletwa kufanya kazi za migodi, bibi yangu mzaa baba alimwona akisonga bukari, ugali wetu, kwa kushoto, akasema ameshiba. Bibi alikuwa ametoka Tenke kwa treni bila kula chochote njiani. Alikaa kwetu juma zima akiwa ameshiba.

Tangu siku hiyo baba alichukua jukumu la kumrekebisha mama. Hakumkaripia wala hakumpigia kelele. Alisema tu, "Mama, mukono," kwa sauti ile ile ambayo mtu husema funga mlango. Mama alihamishia kikombe mkono wa kulia na maisha yaliendelea. Alisema hivyo mbele ya wageni, mbele yetu, mbele ya padri. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni namna ya watu wazima kusalimiana.

Ni lazima nimweleze baba, vinginevyo mtamwona mbaya. Baba alikuwa mchonga vibao katika karakana ya kampuni moja ya mgodi. Namba za mashine, majina ya wakubwa milangoni, vibao vya HATARI YA KIFO vyenye fuvu la kichwa, vyote vilitoka kwenye patasi yake ndogo ya chuma. Ukitumia maisha yako kuandika kwenye chuma, ambako hakuna kufuta, unakuwa mtu wa aina fulani. Baba hakuwahi kuacha kosa lipite. Alirekebisha mabango ya saluni akiwa anapita barabarani. Alirudisha karatasi za nyimbo za misa zikiwa na alama za kalamu nyekundu. Aliwahi kumkatiza mtu aliyekuwa analia msibani, kwa kuwa alikosea umri wa marehemu.

Alipostaafu, kampuni ilitaka kumpa kibao cha shaba cha shukrani. Mchonga vibao alikuwa yeye peke yake. Basi akajichongea mwenyewe, jina lake, miaka yake ya kazi na shukrani za dhati za uongozi, kisha akakikabidhi ofisini Ijumaa ili wamkabidhi Jumatatu. Alivaa suti.

Mtu mmoja tu baba alimdharau waziwazi, naye alikuwa mchonga mihuri aliyekaa kando ya barabara, mkabala na kibanda changu cha fotokopi karibu na soko. Kijana yule alichonga herufi kinyumenyume kwenye mpira siku nzima. Baba alisema mtu mwaminifu huandika kuanzia mbele.

Sasa, mvua. Mgodi ukilipua mchana, nyumba yetu inatikisika kidogo na misumari ya bati inalegea. Hatuoni ajabu tena, tunashika vikombe tu. Msimu ule bati la juu ya chumba cha wazazi lilifunuka wakati sote tuko misani, maji yakateremka ukutani moja kwa moja hadi kwenye picha. Tuliporudi, Mitume walikuwa uji. Nilijaribu kuikausha karatasi juani ikabaki vipande mkononi mwangu.

Mama alikuwa bado yuko kanisani na akina mama wenzake. Na mwezi ule ule daktari alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba kilichobaki nacho kitaondoka kabla ya mvua nyingine. Baba alitazama ukuta mtupu. Akakunja vile vipande akavitia mfukoni mwa koti.

Mama alipoingia alielekea pale anapoelekea kila siku, akapapasa ukuta.

"Picha iko wapi?"

"Iko kwa menuisier," baba akasema. "Minabadilisha cadre."

Hakukuwa na seremala wala fremu mpya. Sijui kama baba aliwahi kudanganya kabla ya siku hiyo. Alidanganya vibaya, akiwa amesimama wima mikono kwenye mishono ya suruali.

Nilimwambia tutafute picha nyingine kwenye simu, niichape kibandani, tumalize. Aliniangalia kama vile nimempendekezea tumtafutie mama mume mwingine. Hata hivyo simu ilisaidia. Nilikuwa na picha niliyompiga baba mdogo alipokuja kututembelea, amesimama chumbani mle na kofia yake kichwani, na nyuma yake kifo cha Bikira kinaonekana chote, isipokuwa Mtume mmoja aliyefunikwa na kofia.

Siku iliyofuata baba alikuja kibandani na kibao chake cha shukrani chini ya kwapa. Katika mji uliokaa juu ya shaba, shaba nyingine halali alikuwa hana. Alikigeuza, akaona upande wa nyuma uko laini, akakaa kwenye kigoda nyuma ya mashine ya fotokopi, akaomba simu yangu na kioo cha kukuzia.

"Padri alisema ni kazi ya shaba," akasema. "Kazi ya shaba mi najua."

Alichonga kuanzia Pasaka mpaka vumbi la kiangazi lilipoanza kuingia kwenye karatasi zangu. Wateja walikuja kunakili vyeti vya kuzaliwa wakamkuta mzee ameinama juu ya kitanda cha Bikira. Wengine walivua kofia. Vidole vyake vilitetemeka alipokunywa chai na vilitulia alipoishika patasi. Jioni alirudi nyumbani, mama akamuuliza kuhusu fremu, naye akasema menuisier hana mbao. Juma lililofuata menuisier alikuwa mgonjwa. Baadaye menuisier akafiwa. Mama alimwombea.

Kila siku dirisha la macho yake lilipungua. Alianza kumimina chai kando ya kikombe. Baba alikuwa anapangusa meza na kusema, "Mama, mukono," kisha anakuja kibandani na kuchonga kwa haraka zaidi.

Kwa Mtume wa nyuma ya kofia, nilimshauri ajaze sura yoyote. Akasema yeye hachongi asichokiona. Akachonga kofia.

Kazi ilipokwisha tulikwenda kwa fundi anayetengeneza mbabula, kwa sababu ana mashine yenye magogo mawili ya chuma na la tatu la kukunja bati. Baba alichanganya rangi nyeusi ya mafuta na masizi, akaipaka kwenye bamba, akalipangusa kwa kipande cha kitenge mpaka wino ukabaki kwenye mistari tu. Karatasi niliileta mimi, ile nzito ya vyeti, tukailowesha. Mara ya kwanza bamba lilitoka limejikunja kama bati la mfereji. Fundi akaomba radhi, akafungua lile gogo la tatu, akalinyoosha bamba kwa nyundo ya mbao. Mara ya pili likapita vizuri.

Baba akaibandua karatasi kwa ncha za vidole, pole pole, kuanzia pembeni. Mitume wote walikuwa pale. Miwani ilikuwa pale, mashavu yamejaa, mikunjo ya shuka, na moto wa mshumaa mweupe katikati ya weusi wote.  Nilijivunia mzee huyu ambaye miezi yote hiyo nilikuwa namwombea ahame kutoka kibandani kwangu.

Fundi naye aliinama kuangalia. Ni mtu wa kanisa la uamsho, picha za watakatifu hazimhusu, lakini alitazama kwa heshima.

"Tata, ni muzuri kabisa," akasema. "Ila huyu muzee wa kofia ya askofu, juu ya nini anamwangia mayi na gauche?"

"Iko na mukono ya kuume," baba akasema.

Akaangalia bamba. Akaangalia karatasi. Akaangalia bamba tena. Petro alikuwa ananyunyiza kwa kushoto. Bikira alikuwa ameshika mshumaa kwa kushoto. Mtume wa miwani alikuwa amehamia upande wa pili wa kitanda. Kila kitu kilikuwa sahihi na kila kitu kilikuwa upande usio wake, kwa sababu baba alichonga kama alivyochonga maisha yake yote, kitu cha kusomwa palepale kwenye chuma. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kulaza karatasi kifudifudi juu ya kioo kutwa nzima, sikuwaza lolote.

Baba alikaa juu ya mbabula mpya ambayo ilikuwa haijakauka rangi.

Tukiwa njiani kurudi tulipita kwa mchonga mihuri. Kwa mara ya kwanza baba alisimama. Alitazama zile herufi zinavyokatwa kinyumenyume, moja baada ya nyingine, mpaka kijana akaanza kuogopa.

"Kazi nzuri," baba akasema, akaendelea kutembea akiwa na doa la rangi nyuma ya suruali.

Nyumbani alificha karatasi chini ya godoro la chumba changu na kunikataza kumwonyesha mama. Kuchonga upya hakukuwezekana. Upande mmoja wa bamba ulikuwa na Bikira, mwingine ulikuwa na shukrani za dhati, na macho ya mama hayakuwa na kiangazi kingine. Nilimwambia ampe tu, mama hatajali.

"Miaka yote mi namwambia mukono, mukono," akasema kwa sauti ya chini. "Leo namuletea Bikira wa gauche? Ataona mi namucheka. Kintu ya mwisho atakayoona mu hii dunia, bwana yake anamucheka."

 Nilikuwa sijawahi kumwona baba akiogopa, na sikupenda.

Siku nne zilipita. Ya tano mama aliacha sala katikati, akaja mezani akiwa anashika kuta.

"Tata, mulete ile picha bila cadre. Macho yangu haiko inangoja menuisier."

Baba alinitazama. Nilikwenda kuinua godoro. Aliichukua karatasi mikononi mwangu na kumpelekea mwenyewe, halafu akasimama mlangoni kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Mama aliilaza kwenye kizingiti cha dirisha, penye jua, akaweka uso karibu nayo mpaka pua ikakaribia kugusa. Alisogea kidogo kidogo, kama anayesoma kwa kunusa. Tulimsikia anapumua.

"Hii haiko ile ya Padri."

"Hapana," baba akasema. "Ile mvua ilikula. Hii nilichonga mi."

Mama akaendelea kusogea.

"Huyu ni shemeji yangu."

"Ni kofia yake tu."

"Bon. Anapendaga kufika ku kilio."

Akampata mwenye mashavu, akatabasamu. Akampata Petro, akakaa hapo muda mrefu. Halafu akafika kitandani. Niliona bega la baba likipanda. Mama aliinua mkono wake wa kushoto, akaufungua na kuufunga mbele ya macho yake, kisha akaangalia tena karatasi.

"Tata," akasema. "Ulimupatia mushumaa mu mukono yangu."

Baba alifungua mdomo. Ninaujua mdomo huo. Ndio uliomrekebisha mfiwa msibani. Ulikaa wazi hivyo, na maneno yote yalikuwa yamejipanga ndani yake, kwamba ni kosa, kwamba bamba liko sahihi, kwamba karatasi inageuza. Halafu ukafunga.

"Eeh," akasema.

Kuanzia kesho yake mama alishika mshumaa kwa kushoto mbele ya picha mpya, na hakuna nta iliyodondoka.  Mara mbili tatu baba alianza "Mama, mu—" mezani, akamalizia kwa kikohozi. Macho yaliondoka yote kabla ya mvua, kama daktari alivyosema. Mama hakulia mbele yetu. Mimi nililia mbele ya kila mtu, hata mbele ya wateja, na nilikasirika na Mungu kwa miezi kadhaa, kwa majina yake yote.

Halafu siku moja ya mvua, baada ya chakula cha mchana, mama akaomba bamba lenyewe. Alisema kwa vile karatasi haimwambii kitu tena, labda shaba itamwambia.

Baba akaniangalia, nikamwangalia. Sote wawili tulijua kilichoko kwenye bamba. Nilitaka kusema limepotea, limeibwa. Shaba inaibwa kila siku katika mji huu, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini baba alikuwa ameshatumia uwongo wake wote kwa yule menuisier. Alilileta akaliweka mapajani mwa mama.

Kwanza mama alikutana na upande wa shukrani. Herufi ni za kina, kidole kinazama. Alisoma jina la baba lote, akalipiga kofi dogo. Kisha akaligeuza. Huko mistari ni myembamba, lakini alikuwa na muda. Alipapasa ukingo wa kitanda, mapazia, mto. Moto wa mshumaa baba alikuwa ameuchonga kwa kuukata pembeni kwa nguvu ili ung'ae, na mama alipofika hapo kidole kilisimama. Kikashuka na mshumaa mpaka kwenye ngumi iliyoushika. Kikafuata mkono mpaka begani. Kikarudi.

"Huku iko na kuume," akasema.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Baba alikaa na mikono magotini na hakujitetea.

"Mama," akasema, "mi—"

"Minajua. Tangu ile siku minajua." Hakuinua uso. "Kama ungelifanya makusudi, ungelinieleza kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Ulikosea."

"Nilikosea," baba akasema.

"Kisha ukanyamaza." Kidole chake kilikuwa bado kwenye mshumaa. "Ile kunyamaza ndio zawadi yangu. Picha ni ya Bikira."

Nilisema naenda kuangalia makaa, nikaenda jikoni, nikakaa chini na kulia mpaka birika likachemka. Baba alinifuata.  Alimimina chai mwenyewe, akatia sukari, akaionja, akaipeleka. Tangu macho ya mama yalipoondoka yeye ndiye aliyemwekea kikombe mezani, kishikio upande wa kulia kila mara, kimenyooka kama kimepimwa kwa rula. Nilimtazama kutoka mlangoni. Aliweka kikombe mbele yake, akasita, akakizungusha pole pole mpaka kishikio kikaelekea kushoto. Mama alinyoosha mkono, akakikuta palepale.